Binti Aliyehitaji wa Kumshinda

Sisi walezi tumezoea kuhangaika na mtoto mzito. Asiyeelewa hesabu tunamtafutia masomo ya ziada. Anayeogopa watu tunampa somo asome misani mbele ya wenzake. Lakini mtoto mwepesi, yule anayefahamu kila kitu mara moja, tunamsifu, tunampa zawadi siku ya kufunga shule, kisha tunamwacha. Tunadhani Mungu ameshamaliza kazi yake kwake.

Nimefundisha falsafa seminarini kwa miaka kadhaa, na vijana wa namna hiyo nimewaona. Hata hivyo, aliyenifanya nilitafakari jambo hili kwa dhati si mseminari. Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Kibosho, ambaye alianza kujifunza kupigana akiwa na miaka 16. Ninaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake, na jina lake nalihifadhi.

Mtoto huyu alijaliwa. Alijua kusoma kabla ya kuanza shule ya msingi, kwa kuchungulia tu madaftari ya kaka yake. Mtihani wa kidato cha pili aliufanya kana kwamba anamwandikia rafiki barua, akapata Division One ya pointi 7. Mwili nao haukubaki nyuma. Wanaojua maisha ya kihamba wanajua kwamba ng'ombe wetu hawachungwi. Wanakaa zizini chini ya migomba, na majani yanawafuata huko huko. Kwa hiyo akina mama na wasichana wanapanda mlima na mizigo ya majani kichwani. Mpwa wangu alibeba mzigo wa mtu mzima tangu darasa la sita, na akishautua hahemi. Mbio za shule alishinda bila mazoezi, mwaka uliofuata akakataa kukimbia. Kwaya alijifunza sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, akaacha. "Nimeshaijua," ndivyo alivyosema juu ya kila kitu.

Alipofika kidato cha tatu neno hilo likawa kama ugonjwa. Alimaliza maswali ya hesabu dakika 20 kabla ya wenzake, akabaki anachora juu ya dawati. Akaanza kulala darasani. Akaanza kujibizana na walimu. Mama yake aliitwa shuleni mara mbili, na mara zote mbili alirudi na neno moja: uvivu. Usiku mmoja dada akanipigia simu. "Padre, huyu mtoto ameingiwa na nini? Kila kitu anacho, na hataki kitu."

Swali hilo ni la zamani. Wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walimjua pepo wa adhuhuri. Jua limesimama, siku haiishi, chumba kinamchukiza mmonaki, na sala aliyoipenda jana leo haina ladha. Baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kwamba hali hiyo ni huzuni mbele ya jema lenyewe. Ndiyo maana uvivu si jina lake sahihi. Mvivu hataki kubeba mzigo. Mpwa wangu aliubeba, akaona ni mwepesi, akahuzunika kwa sababu hakuona mwingine mbele yake. Mema yote yalimjia bila gharama, na kisicho na gharama hakikuwa na uzito mkononi mwake.

Likizo ya Desemba alishuka Moshi mjini kumsaidia shangazi yake dukani, karibu na soko la Mbuyuni. Jioni akirudi nyumbani alikuwa akipita kwenye ghala la zamani ambamo watu walifanya mazoezi. Chini walitandika magodoro makuukuu, juu yake turubai lililovutwa na kufungwa kamba pembeni. Mwalimu wao alianzia karate, akajifunza judo, kisha akavichanganya na ndondi. Binti alisimama mlangoni siku tatu. Siku ya nne akavua viatu akaingia.

Walimpanga na mama mmoja muuza mitumba wa Kiborloni, mfupi, mwenye watoto wawili. Mpwa wangu alimzidi urefu na nguvu. Haikupita dakika moja, yeye mwenyewe alikuwa chali, mkono wake umenyooshwa kinyume cha kiwiko, anapiga godoro kwa kiganja. Kupiga godoro, au kumgonga mwenzako begani, ni alama ya kusema: nimeshindwa, niachie. Yule mama akamwachia papo hapo, akamsaidia kuinuka, wakaanza upya. Jioni ile aligonga mara tisa.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alirudi kesho yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Mjomba, alijua nitafanya nini kabla sijafanya. Nikitumia nguvu, anaitumia nguvu yangu dhidi yangu. Mimi sijawahi kukutana na kitu nisichokijua namna ile."

Huenda msomaji ameona mchezo huu kwenye simu za vijana akakunja uso. Ni mapigano mseto, ambayo vijana wanayaita kwa herufi tatu, MMA. Ndani yake zimo ngumi za ndondi, mateke ya karate na ya Kithai, miangusho ya mieleka na judo, na namna za kukaba na kukunja viungo kutoka jiujitsu ya Kibrazili, ambayo nayo ilichipuka kutoka judo. Shindano lake linalojulikana zaidi, UFC, lilianza mwaka 1993 katika mji wa Denver, Marekani, likiwa na sheria chache mno. Nyingi ziliongezwa baadaye. Wanawake walipigana humo kwa mara ya kwanza tarehe 23 Februari 2013. Ronda Rousey, aliyekuwa ameshapata medali ya shaba ya judo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alimshinda Liz Carmouche kwa kumnyoosha mkono kinyume cha kiwiko, mbinu ile ile ya muuza mitumba wa Kiborloni.

Kinachonivutia mimi ni mzizi wa sehemu hiyo ya mchezo. Judo ilianzishwa na mwalimu wa shule. Jigoro Kano alikuwa kijana mwenye mwili mdogo aliyeonewa na wenzake, na mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan, mjini Tokyo. Katika mazoezi ya kawaida aliondoa mbinu za kulemaza, ili wawili waweze kushindana kwa nguvu zao zote na kesho yake wakutane tena wakiwa wazima. Alifundisha kwamba mchezo ni malezi, na kwamba kila mmoja anakua kwa msaada wa mwenzake. Mbegu hiyo imefika kwetu pia. Zanzibar wamecheza judo kwa miaka mingi, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika mchezo huo.

Sasa naelewa kwa nini godoro lilifanya kile ambacho daftari lilishindwa. Kwenye hesabu, akili ya binti ilipambana na karatasi, na karatasi haibadilishi njia. Kwenye godoro, alichokijua jana mwenzake naye amekijua leo. Hapo huwezi kusema "nimeshaijua". Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu, mojawapo ya fadhila nne za kiutu, ni kustahimili zaidi kuliko kushambulia. Mpwa wangu alikuwa hodari wa kushambulia tangu utoto. Kustahimili hakuna aliyewahi kumdai.

Januari alirudi Kibosho na michubuko shingoni, na nyumba ikawaka. Tuliitwa kikao. Shemeji yangu aliuliza nani ataoa binti aliyevunjwa pua. Mama yangu, bibi wa binti, aliyekuwa kimya akimenya ndizi, akasema, "Mimi nilianguka na mzigo wa majani kwenye mfongo nikavunjika mkono. Hakuna aliyeitisha kikao." Tulicheka, lakini dada hakucheka. "Padre, pua itapona. Mimi naogopa kichwa. Kichwa cha huyu mtoto ndicho shamba letu."

Dada alikuwa na haki ya kuogopa, na katika hilo nilisimama upande wake. Ngumi zinazorudiwa kichwani huudhuru ubongo hata kama mtu hakuzimia. Mwaka 2005 La Civiltà Cattolica, jarida la Wajesuiti wa Roma, lililaani ndondi za kulipwa kwa maneno makali. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka pia Conjestina Achieng wa Kenya, mwanamke aliyetwaa taji la kimataifa la ndondi mwaka 2004 na kushangiliwa nchi nzima. Miaka iliyofuata aliugua maradhi ya akili, na Wakenya wakamwona kwenye habari akiwa katika hali ngumu. Simsemei daktari wake, wala sidai kujua chanzo. Ninachojua ni kwamba umati unaoshangilia haukai na mtu siku ya ugonjwa. Wanaokaa ni ndugu. Na Rousey mwenyewe, baada ya kushinda mapambano yake yote 12, Novemba 2015 alipigwa teke la kichwa na Holly Holm mjini Melbourne akaanguka. Baadaye alisema waziwazi kwamba baada ya pambano lile aliwaza kujiua.

Kwa hiyo tulitenganisha mambo mawili ambayo kwenye luninga yanakwenda pamoja. Kuna kushindwa kwa kugonga: anayeshindwa ndiye anayesema basi, mwenzake anaachia, wote wanainuka. Na kuna kushindwa kwa kuzimwa fahamu, ambako ubongo unalipa deni la mchezo. Tulikubaliana hivi. Atafanya mazoezi ya godoroni Jumamosi, akiwa na wanawake wenzake. Hatapigwa wala kupiga ngumi za kichwa kabla hajatimiza miaka 18. Mwalimu wa mchezo atakutana na mama yake, na mama atakwenda kujionea.

Dada alishuka Jumamosi moja, akakaa kwenye benchi na pochi mapajani. Binti yake alipobanwa chini, alisimama kama anayetaka kwenda kumtoa. Binti akagonga, akaachiwa, akakaa kitako huku anacheka, akamwomba yule mama wa mitumba amwonyeshe tena alivyofanya. Jioni dada alinipigia. "Padre, tangu nimzae sijawahi kumwona anacheka akiwa ameshindwa."

Nisimpambe sana. Bado ni mtoto mwenye ulimi mkali. Bado anamaliza hesabu kabla ya wenzake. Lakini sasa akimaliza humgeukia jirani yake wa dawati aliyekwama, naye hamwelekezi kwa dharau, kwa sababu anajua kuwa chini kukoje. Na vita havijaisha. Anakaribia miaka 18, na anasema wazi kwamba anataka kwenda Dar es Salaam au Nairobi kushindana kwa malipo, ngumi na mateke vikiwemo. Ushauri wangu ameupata: aendelee na mchezo wa godoroni, kichwa akilinde. Akishakuwa mtu mzima uamuzi utakuwa wake. Mama yake halali vizuri, na namwombea.

Naandika haya kwa sababu nyumba zetu za malezi zina vijana wa aina yake. Mseminari anayekariri mtihani wote usiku mmoja, anayehubiri vizuri mwaka wa kwanza, anayejua kuwafurahisha walezi wake. Kitabu cha Mwanzo kina mtu wa namna hiyo. Yakobo alikuwa mjanja kuliko kaka yake, kuliko baba yake, na mwishowe kuliko mjomba wake Labani. Hakuna aliyemweza, mpaka usiku ule kwenye kivuko cha Yaboki alipomenyana na yule ambaye ujanja haukumfaa kitu mbele yake. Alitoka pale akichechemea, akiwa na jina jipya na baraka.

Kijana wa namna hiyo tusimlaze kwa sifa, wala tusimwite mvivu anapochoka. Tumpe kazi inayoweza kumshinda. Inaweza kuwa Kiebrania. Inaweza kuwa mzee mgonjwa asiyepona wala kumkumbuka, ambaye atamtembelea kila wiki bila kupongezwa na mtu. Na tumpe mwalimu mwenye ujuzi wa kumbana hasa na upendo wa kumwachia akigonga. Wazazi na walezi wenzangu, mkiwa na mtoto anayesema "nimeshaijua", msianze na fimbo. Anzeni kwa kumtafutia mama wa mitumba wake.