Kinanda Hupimwa kwa Sikio

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Lakini wahenga hawakuiona piano ya dijitali ikiwa dukani. Hiyo hujiuza na kujitembeza kwa pamoja. Swichi moja ikibonyezwa, hupiga nyimbo ilizotiwa kiwandani kwa ustadi ambao mnunuzi hatoupata kwa miaka kumi, naye huondoka akidhani amesikia uzuri wa chombo, kumbe amesikia uzuri wa mpigaji asiyekuwepo. Ndiyo maana anayetaka piano ya kubebeka, ya kupigia jukwaani na ya kujifunzia nyumbani, inampasa aizime kwanza ile nyimbo ya dukani, kisha aanze kupima.

Neno kinanda lenyewe ni msafiri wa siku nyingi. Zamani, katika mwambao wetu, liliitwa ala ya nyuzi iliyokumbatiwa kifuani. Baadaye likaikaribisha piano, likaikaribisha na santuri. Kila mgeni aliyefika na sauti alipewa jina hilo hilo, akaambiwa: karibu, lakini kaa kwa adabu za nyumba. Piano ya dijitali ni mgeni wa karibuni tu, na adabu ndiyo mizani yake.

Mizani ya mwanzo ni mwili. Piano ya mbao ya kusimama ina uzito wa kilo 200 na zaidi. Kuipandisha ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe ni kazi ya watu wengi, na ikishafika juu, hewa ya bahari huiandama: nyuzi hushika kutu, mbao huvimba, sauti hukengeuka. Yamaha P-45 ina kilo 11.5, na Casio PX-S1000, iliyotoka mwaka 2019, ina kilo 11.2. Mtu mmoja huipakata na kupita nayo uchochoroni. Zote mbili zina vitufe 88 vyenye uzito wa kubuni, vizito upande wa besi na vyepesi upande wa sauti nyembamba, kama nyundo za piano ya asili zilivyo. Uzito huo si pambo. Kidole kilichozoea kitufe chepesi mno hakijui tofauti ya kunong'ona na kunena.

Mizani ya pili ni jukwaa. Mbele ya fidla, akodiani na dumbaki, spika ndogo za ndani hazisikiki. Sauti lazima ipelekwe kwenye mitambo. Hapo mnunuzi aitazame piano kwa nyuma. P-45 ina tundu moja tu la visikilizio vya masikioni, na fundi wa mitambo atalazimika kulitumia hilo. PX-S1000 ina matundu yake maalumu ya kutolea sauti. Kisha yaja suala la umeme. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Udi haukuhitaji kuwashiwa jenereta. PX-S1000 hukubali betri sita ndogo, zikaipa uhai wa kiasi cha saa nne. Kwa wengine hiyo ni ziada, kwa mkaazi wa kisiwani ni hoja.

Nyumbani, sifa ya chombo hiki ni ukimya wake. Mwanafunzi huvaa visikilizio akarudia kifungu kimoja mara mia, mtoto asiamke wala jirani asigune. Lakini ukimya huo una gharama. Taarabu ilirithiwa kwa kusikilizana: kijana alikaa pembeni mwa klabu, akakosea hadharani, akarekebishwa kwa jicho. Ajifunzaye peke yake ndani ya visikilizio hana wa kumkodolea.

Na hapa ndipo penye mizani kubwa kuliko zote, nayo haiandikwi kwenye boksi. Piano huigawa sauti kwa hatua kumi na mbili zilizo sawa. Maqam ya Rasti, ikianzia Do, huitaka Mi iliyo katikati ya Mi ya kawaida na ile iliyoshushwa nusu; Si nayo ni vivyo hivyo. Mahali hapo fidla hufika kwa kutelezesha kidole, na kanuni kwa kuinua au kulaza vipande vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi. Piano haina mahali hapo. Baina ya kitufe cheupe na cheusi pana ukuta. Wataalamu waliokutana Cairo mwaka 1932, katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu, waliijadili piano kwa sababu hiyo hiyo. Na Cairo si mbali na habari zetu: husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana huko kwenda kujifunza kanuni.

Ukuta huo una mlango. Yamaha, Korg na Roland wametengeneza vinanda vya umeme kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, ambavyo kila sauti huweza kushushwa robo toni kwa swichi. Ila vingi katika hivyo vina vitufe vyepesi, visivyomfunza kidole. Nazo piano nyingi za kubebeka zenye vitufe vizito haziruhusu sauti moja kushushwa peke yake, isipokuwa zikiungwa na kompyuta yenye programu ya kazi hiyo. Mnunuzi huchagua baina ya mkono na sikio.

Achague kwa kujua anachokiacha. Mkono uliochelewa hufunzwa ukubwani. Sikio la mtoto aliyekulia kwenye Bayati iliyonyooshwa na piano litakuja kumsikia mwimbaji mzee na kusema amekosea noti. Siku hiyo hakitokuwa chombo kilichoharibika, bali urithi. Basi piano ya vitufe vizito na inunuliwe, maana ni mwalimu mwema wa vidole, lakini isiachwe peke yake chumbani. Iwekwe karibu na udi, au fidla, au walau sauti ya mama anayeimba akipepeta mchele.

Na dukani, mnunuzi aipige piano sauti moja, kisha aisikilize ikifa. Sauti ya piano huzaliwa na nguvu, hupungua, hutoweka, kama ya udi. Haing'ang'anii kama ya ogani. Katika kutoweka huko ndimo neno la mshairi hupata nafasi, mizani ikahesabika na kina kikasikika. Kisha aimbe mwenyewe, kwa sauti ya chini, ubeti aliousikia kwao utotoni, huku akiufuata kwa vitufe. Atagundua mara moja ni wapi chombo kinamfuata, na ni wapi kinamtaka yeye akifuate.

Pale kinapomtaka akifuate, asikubali.