Kutoka Kanyakine Kutafuta Mwenye Wimbo

Ukisafiri kutoka Nairobi kupitia Embu, ukapita Chuka na Igoji, utafika Kanyakine, Imenti Kusini, kwenye migomba na kahawa. Huku, kama kwingineko nchini, kwaya huimba kutoka karatasi za noti zilizotolewa fotokopi hata jina la aliyeziandika likafutika. Kulipata jina hilo kwataka safari nyingine, hadi maktaba kongwe ambayo haijatupa makabati yake ya kadi.

Usitegemee jina la wimbo peke yake. Wimbo wa kienyeji hauna mtunzi anayejulikana, hivyo mara nyingi kadi hubeba jina la aliyeunukuu. Vuta droo ya S umtafute George Senoga-Zake, aliyechapisha kitabu cha nyimbo za asili za Kenya mwaka 1986. Kisha H, umtafute Graham Hyslop. Wote wawili walikuwa katika kamati iliyotayarisha wimbo wa taifa wa 1963, ambao sauti yake ilitoka kwa Wapokomo.

Chunga namba pia. Muziki ni 780, lakini kadi za zamani huweka nyimbo kwenye 784. Mpango wa Dewey uliporekebishwa mwaka 1989, zikahamia 782. Asiyejua hilo hurudi mikono mitupu, na nauli ya Meru si mchezo!

Lakini nyanya wa Imenti aliyemwimbia mwenye kunukuu hana kadi. Jina lake, kama liliandikwa, limo kwenye dibaji. Basi omba kitabu chenyewe, usome dibaji yote, na ukilipata, liandike kwa kalamu juu ya karatasi ya kwaya.