Aliyesema "Sitaki" Akaenda

Wapendwa, kuna mfano wa Bwana Yesu ambao hatuusikii mara nyingi kama ule wa Mwana Mpotevu. Unapatikana katika Mathayo 21, kuanzia mstari wa 28. Baba mmoja alikuwa na wana wawili. Akamwendea wa kwanza, akamtuma akafanye kazi katika shamba la mizabibu. Yule kijana akakataa waziwazi, lakini baadaye akageuza moyo wake, akaenda. Akamwendea wa pili, naye akaitikia kwa adabu zote, wala hakwenda. Ndipo Yesu akawauliza wakuu wa makuhani na wazee ni yupi kati yao aliyefanya mapenzi ya baba yake.

Sisi wa Dodoma tunaishi na mizabibu na tunajua kazi yake, kwa hiyo mfano huu ungepaswa kutuingia upesi kuliko watu wa mikoa mingine. Mimi uliniingia sawasawa mwezi wa Juni mwaka 2025, nyumbani kwetu Nkuhungu, kwa msaada wa mwanangu wa kidato cha kwanza, ambaye hakutaka kabisa kuwa nyumbani.

Juni hapa kwetu ni mwezi wa kipupwe na bajeti. Upepo unavuma baridi na vumbi, na Bunge linajadili fedha, mji umejaa waheshimiwa. Mwanangu naye alikuwa na bajeti yake. Tangu Aprili alipanga kwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake Kigamboni. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na yeye alikuwa hajapanda. Tena hakutaka behewa lolote tu, alitaka ile yenye pua ndefu ambayo watu wameipa jina la Mchongoko. Alishajua itafika kwa saa ngapi na angekaa dirisha la upande gani. Bahari alikuwa hajaiona kwa macho yake, ila kwenye simu tu.

Wiki moja kabla shule haijafungwa, mama mkwe wangu akaletwa kutoka Kongwa. Macho yake yalikuwa na ukungu kwa zaidi ya miaka mitatu. Daktari alishatuambia ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili: ile lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza uangavu wake taratibu hadi mtu anaona kama yuko nyuma ya pazia. Dawa ya matone haiondoi. Kinachotakiwa ni upasuaji mfupi, lenzi iliyoharibika itolewe na kuwekwa nyingine ya kutengenezwa. Tulipanga kumpeleka hospitali ya misheni ya Mvumi, ambayo watu wa kwetu wameitegemea kwa macho siku nyingi. Lakini bibi mwenyewe alikuwa hajakubali, na mpaka akubali alihitaji mtu wa kushinda naye. Mimi nauza nafaka Soko la Majengo, baba yao ni dereva wa magari makubwa, dada yao yuko chuoni. Aliyebaki ni mmoja.

Tulipompa habari, alisimama katikati ya sebule akapinga hoja kama mbunge. Alisema likizo ni haki ya mwanafunzi. Alisema kumwangalia bibi si kazi ya watoto wa kiume. Akauliza kwa nini hatukushirikishwa wadau. Mwisho alisema neno moja, "Sitaki," akaingia chumbani. Tangu siku hiyo baba yake akawa anamwita Mheshimiwa.

Baba yake hakumfuata chumbani. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika mlangoni, kwamba bibi huamka saa kumi na mbili na hupenda uji wa uwele usio na sukari. Kesho yake saa kumi na mbili na robo niliamshwa na kelele za sufuria jikoni. Mheshimiwa alikuwa anakoroga uji huku amenuna, uso umekunjamana kama kiatu cha mvua. Uji ulikuwa na mabonge. Bibi akaunywa wote, akasema, "Asante mume wangu. Leo nimekunywa na kutafuna."

Wenzangu mnaojua utani wa bibi na mjukuu mnaelewa. Kwa muda wote huo hakumwita jina lake. Alikuwa "mume wangu", na kijana wa miaka kumi na minne kuitwa mume mbele ya marafiki zake ni msalaba mzito. Kila asubuhi alimshika mkono kumtoa nje akaote jua, na kila jirani aliyepita bibi alimsalimu "Mbukwenyi!" kisha akamwamuru mumewe naye asalimie Kigogo. Mheshimiwa alikuwa anajua Kigogo cha kuombea maji tu. Wiki ya pili ilipoisha alikuwa anaamkia mtaa mzima.

Bibi alikuja na gunia la uwele ambalo halijapepetwa, kwa kuwa kule kijijini hakuona tena pumba na punje. Kazi hiyo pia ikamwangukia mumewe. Alipewa ungo, akapewa maelekezo, akasimama mahali pabaya, upepo ukamrudishia makapi yote usoni. Nusu ya uwele ukaenda chini. Bibi, akiwa ameketi kwenye kigoda amefumba macho, akasema, "Umemwaga."

"Umejuaje, bibi, na huoni?"

"Nasikia kuku wanavyofurahi."

Jioni alitakiwa kumsomea Biblia. Hapo ndipo alipotafuta njia ya mkato. Walianza Injili ya Mathayo, na sura ya kwanza, kama mjuavyo, ni ukoo mtupu. Akasoma mbio mbio, akaruka mistari kadhaa ili amalize arudi kwenye simu. Bibi akainua kidole. "Mume wangu, Boazi na Obedi umewaacha wapi? Bila Obedi humpati Yese, na bila Yese Daudi hazaliwi, na bila Daudi tutafungia kanisa." Akarudia sura nzima. Kumbe mama yule ana sehemu kubwa ya Injili kichwani. Alichokosa si maneno, alikosa mtu wa kukaa naye wakati yakisomwa.

Sasa niwaambie habari za yule mwana wa pili. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp. Siku bibi alipofika Dodoma, baba yao aliandika humo kwamba mama yupo, anahitaji watu wa kupokezana kumwangalia na wa kumshawishi akubali matibabu. Majibu yalishuka kama mvua ya Januari. "Tupo pamoja." "Amina." "Mungu ni mwema, nakuja Jumamosi." Mikono ya maombi ilijaa kioo chote. Jumamosi ikaja, nikapika wali wa wageni. Mheshimiwa akaketi na bibi barazani wakisubiri. Saa kumi jioni akaniuliza, "Mama, hawa waliosema amina, amina yao inaanza kufanya kazi lini?" Nilimwambia ale wali. Akala sahani tatu za wageni, na bibi akala ya nne.

Usiku huo bibi alimsimulia mambo ya Kongwa. Baba yake alikuwa mmoja wa vibarua waliofyeka pori wakati Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947. Walitangaza kulima zaidi ya ekari milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta na mashine za kung'oa miti. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na mvua yetu ni ya msimu mmoja, tena haina ahadi. Mashine zikavunjika, karanga hazikupatikana kama walivyotangaza, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. "Baba yangu," bibi akasema, "alirudi nyumbani na jembe lake la mkono, akalima robo ekari ya karanga huku akilalamika mgongo. Tulikula zile za robo ekari." Mheshimiwa alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikaona kwamba mfano wa wana wawili bibi ameuhubiri bila kuutaja.

Hata hivyo suala la macho lilibaki palepale. Mchungaji alikuja akaomba naye. Bibi akaitikia amina, kisha akasema hataki. Muuguzi mmoja wa kanisani alimweleza kwamba hatalazwa usingizi, jicho litatiwa ganzi tu. Hataki. Kuna mtu kijijini alimwambia kwamba madaktari wanang'oa jicho la mtu na kuweka la mbuzi, na yeye hakuwa tayari kwenda mbinguni akitazama kama mbuzi. Nyuma ya utani huo kulikuwa na hofu ya kweli, nasi tuliijua. Ukungu ulikuwa unazidi. Alikuwa ameshaacha kupika kwa sababu ya kuungua vidole, na alikuwa ameanza kukataa kwenda ibadani, asije akawakanyaga watu.

Siku moja ya wiki ya tatu, nikiwa nachambua mchele, niliwasikia barazani. Kijana aliuliza, "Bibi, unakumbuka sura yangu?"

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Nakumbuka ya mtoto mwenye pengo. Hii ya sauti nzito siijui." Akanyoosha mkono akampapasa uso, paji, pua, kidevu. Yule kijana ambaye mwezi wa tano hakutaka hata nimguse bega mbele ya watu alitulia kimya.

"Basi nenda ukatibiwe, unione."

"Sitaki," bibi akasema.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo," mjukuu akajibu, akaendelea kusoma.

Asubuhi yake saa kumi na moja na nusu, bado giza, nilifungua mlango wa mbele nikamkuta bibi amekaa kigodani, kajifunga kanga mbili, kikapu mapajani, fimbo mkononi. "Mnanichelewesha," akasema. Hakueleza neno jingine. Tulifika Mvumi, kilomita 40 hivi kutoka mjini, mjukuu akiwa amemshika mkono njia nzima.

Alifanyiwa jicho moja. Kesho yake bandeji ilipoondolewa, alipepesa, akatazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Sisi wote tulikuwa na machozi tayari. Akasema, "Kumbe una masikio makubwa hivi! Ndiyo maana ulikuwa hunisikii nikiita." Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akachota uwele kwa kiganja, akautazama, akasema huo ni mchanga uliochanganywa na uwele kidogo. Akachukua ungo akapepeta upya mwenyewe, akiimba.

Bahari Mheshimiwa hajaiona hadi leo, na hutukumbusha. Jicho la pili lilipangwa kwa likizo ya Desemba. Tulipomuuliza nani atampeleka bibi, alijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Nitampeleka mimi, lakini sitaki."

Ndugu zangu, Yesu hakumsifu yule mwana wa kwanza kwa kukataa. Kinywa chake hakikuwa kizuri. Kilichohesabiwa ni miguu yake. Na katika mfano ule kuna neno dogo ambalo tunalipita haraka: "baadaye". Kati ya kukataa na kwenda kulikuwa na muda. Hatuambiwi kwamba baba alirudi na fimbo, wala kwamba alimfukuza nyumbani. Alimtuma, akamwachia nafasi, na kijana akajikuta njiani kuelekea shambani. Ninaamini neema ya Mungu hufanya kazi nyingi ndani ya hiyo "baadaye". Ndiyo maana sisi wazazi tusiogope kuwapa watoto wetu kazi ya kweli, yenye mtu wa kweli anayeihitaji, na tukishawapa, tusikimbilie kuhukumu neno la kwanza linalowatoka. Mtoto aliyenuna akikoroga uji anakoroga uji.

Na sisi tunaokaa viti vya mbele, tunaoitikia kwa sauti, tujichunguze. Wale aliowauliza Yesu swali lile walikuwa watu wa hekaluni, wenye majibu mazuri. Kanisa halina upungufu wa amina. Karibu kila mtaa wa mji huu una mzee aliyeketi mlangoni ambaye macho yake yanafunikwa polepole na ugonjwa unaotibika, naye anangoja mtu wa kumshika mkono hadi hospitali. Ukitumwa kwake na moyo wako ukasema hautaki, usikae kungoja mpaka utake. Mwambie Bwana ukweli kwamba hutaki, kisha vaa viatu uende. Furaha ikichelewa, itakukuta huko huko shambani.