Bata wa Shangazi

Mwezi uliopita nilifukia kimea cha mtama, pishi mbili nzima, nyuma ya nyumba yangu hapa Kilwa Kivinje. Mjukuu wangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alisimama akinitazama. "Babu, si ungekiosha tu, ukakianika tena? Ukungu wenyewe kidogo." Baadaye akauliza kimea ni kitu gani hasa. Alianza na dawa, ugonjwa hajaujua.

Zamani swali hilo halikuulizwa mtaani kwetu. Shangazi, hakuwa wa damu lakini sote tulimwita hivyo, ndiye aliyekuwa fundi wa togwa ya harusi na ya unyago. Mtama aliuloweka usiku mmoja, akauchuja, akautia kwenye kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba na kuufunika kwa majani mengine. Siku ya tatu umechipua, vijizizi vyeupe vimeshikana kama ndevu za mzee. Harufu yake ilikuwa ya tango bichi na udongo uliopata mvua ya kwanza. Hadi leo nikimenya tango namwona yeye. Kisha jamvini, juani, kusi ikivuma, akiugeuzageuza kwa mkono. Jioni aliuingiza ndani hata mbingu ziwe nyeupe pe, maana umande wa pwani haupigi hodi. Kabla ya kusaga alichota kwa viganja, akavuta puani, akafumba macho. Kikinuka uvundo, au punje zikishika vumbi la kijani, hakisagwi. "Hiki kimekufa," anasema, na mwenye harusi asubiri.

Kilichokufa hakukitupa, aliwapa bata wake. Mwaka mmoja bata wakafa, wote, ndani ya siku chache. Mimi nasema ilikuwa 1978. Kaka yangu ameshikilia ni mwaka uliofuata, kwa kuwa redio ilikuwa vita tupu. Basi na iwe hivyo. Mtaa ulisema ni mdondo. Shangazi alisema ni husuda, akamtaja na jirani mwenyewe, na wale wawili hawakusalimiana tena mpaka mmoja alipozikwa.

Kumbe Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga wapatao laki moja walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kwa vifo hivyo wataalamu waliifikia sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na bata ni katika viumbe inaowamaliza upesi. Leo tunaiita sumukuvu. Nililisikia neno hilo redioni 2016, watu walipougua Dodoma na Manyara kwa kula mahindi: wagonjwa 68, waliokufa 20. Nikazima redio. Niliwakumbuka bata.

Miaka ya katikati ilipita mbio. Jamvi likaondoka, likaja turubai. Kilindo kikaondoka, kikaja kiroba. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, unga wa pakiti ukazoeleka, pua zikastaafu. Siku hizi kimea kinaanikwa kando ya lami, kinafungwa kwenye kiroba kingali kibichi, asubuhi kiroba kinatoka jasho, na togwa yake inauzwa kwenye chupa za maji zilizookotwa. Ukisema, unaambiwa mzee ana gubu.

Nilimweleza mjukuu: maji hayaitoi sumu iliyokwisha ingia ndani ya punje, moto wa uji hauiwezi, na punje inaweza kuwa safi machoni, isinuke lolote, nayo imo. Hapo hata pua ya Shangazi isingefua dafu, na togwa yake tuliinywa kata kwa kata.

"Sasa kwa nini usingewapa kuku?" akauliza.

Nikamwonyesha ng'ambo ya njia, ilipokuwa nyumba ya yule jirani. Ukuta mmoja bado umesimama.