Mtomondo: Mti wa Mtoni Uchanuao Usiku

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huvuka hori ya Mtwapa, na si mbali na hapo kuna mahali paitwapo Mtomondoni. Kisiwani Unguja nako kuna mtaa uitwao Tomondo. Wapitao ni wengi, lakini wachache hujiuliza mtomondo ni mti gani. Hivyo ndivyo mti wenye manufaa unavyosahauliwa, jina lake likabaki midomoni mwa watu.

Mtomondo ni mwenyeji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, na huonekana pia Bukini, Bara Hindi, hata visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Hupenda kingo za mito, mabwawa ya maji baridi, na mahali ambapo mikoko yakoma na maji ya mto yaanza. Katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya Pemba, umo katika sehemu zenye majimaji. Wataalamu huuita Barringtonia racemosa.

Kuutambua si kazi ngumu. Majani yake ni mapana, hukaribia urefu wa futi moja, nayo hukusanyika kwenye ncha za matawi. Maua yake hutoka katika mashada marefu yaning'iniayo kama kamba. Jua likishatua, vifundo hupasuka na kutoa nyuzi nyingi laini, nyeupe au za rangi ya waridi, zenye harufu nzuri iwaitayo nondo. Kulipokucha, maua hudondoka na kutanda juu ya maji. Kwa hiyo apitaye mchana huona mabaki tu ya karamu ya usiku. Tunda lake ni gumu, lina mbegu moja, nalo huelea. Maji yenyewe ndiyo mpanzi wake.

Atakaye kuupanda na aokote matunda mapya yaliyodondoka, asiyaanike juani. Ayalaze katika mifuko ya udongo wa mtoni, nusu ya tunda ikifukiwa, mahali penye kivuli chepesi, na udongo usikauke hata siku moja. Kuota huchukua majuma kadhaa, basi asikate tamaa. Miche ikipata nguvu, ihamishiwe ukingoni mwanzo wa masika. Lakini mtomondo ni mti wa joto. Mkulima wa Limuru au Kericho asisumbuke nao, bali atafute miti ya mtoni ya kwao.

Kuna onyo moja. Mbegu na magome yake yana sumu, na watu wa zamani waliyaponda ili kulevya samaki. Sumu hiyo haichagui mkubwa wala mdogo, na sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza kuvua kwa sumu. Watoto nao wafundishwe kutoyala matunda hayo.

Je, mkulima atapata faida gani? Afyekaye hadi ukingoni hujipatia matuta mawili matatu ya mboga kwa msimu mmoja. Masika yakija, mto hukata ukingo na kuchukua mboga pamoja na udongo wake, na mwaka wa pili shamba huwa limepungua. Mizizi ya mtomondo hushika udongo ule, na mti huvumilia mafuriko, hata maji yenye chumvi kidogo, ambayo yangeua mwembe. Aliyeacha safu moja ya miti hupoteza nafasi ndogo, lakini huhifadhi shamba.

Jina la mahali laweza kudumu baada ya mti wenyewe kutoweka. Lakini jina halishiki udongo, wala halizuii maji. Mwenye shamba la mtoni na aokote matunda matano tu msimu huu, ayapande, ili wajukuu wakiuliza mtomondo ni nini, waonyeshwe kwa kidole.