Bendera nyekundu Albuquerque: Funzo la safari kwa wazazi

Albuquerque ni mji ulio jangwani katika jimbo la New Mexico, Marekani. Uko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hivyo baridi yake ya asubuhi mtu wa Iringa au Mbeya ataitambua. Mashariki kuna milima ya Sandia, na mto Rio Grande unapita ndani ya mji. Kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba, kwa siku tisa, familia husafiri kwa magari kutoka majimbo ya mbali kwenda kuona maputo ya hewa moto yakipaa kwa mamia wakati jua linachomoza.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1972 likiwa na maputo 13 tu, katika eneo la kuegesha magari la kituo cha maduka. Siku hizi maputo huzidi 500 na lina uwanja wake maalumu. Watazamaji huruhusiwa kutembea katikati ya maputo yanapojazwa hewa, na mtoto anaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye kikapu akahisi joto la moto wa gesi usoni.

Kwa nini huko? Jibu ni upepo. Puto halina usukani. Rubani anachoweza kufanya ni kuongeza moto lipande au kuacha hewa ipoe lishuke, kisha upepo wa kimo hicho ndio unaoamua liende wapi. Katika asubuhi nyingi za Oktoba, upepo wa chini katika bonde la Albuquerque huvuma kuelekea kusini, na ule wa juu huelekea kaskazini. Rubani mzoefu hupaa, akaenda upande mmoja, akapanda zaidi na kurudi karibu na alikotoka. Wenyewe huuita mpangilio huo “sanduku”.

Baba aliyetaka kuwahi alfajiri

Tatizo la wazazi wengi ni saa. Maputo huanza kupaa kwa wingi saa 1 asubuhi, kabla jua halijaipasha ardhi joto na kuichafua hewa. Anayeishi mbali hushawishika kuendesha usiku kucha ili awahi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kitanzania inayoishi Denver: baba, mama, watoto wawili wa miaka tisa na minne, na bibi yao aliyekuwa amewatembelea kutoka Moshi. Kutoka Denver hadi Albuquerque ni kilomita 720 hivi, mwendo wa saa saba, umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Arusha.

Baba aliamka saa 11 alfajiri ya Ijumaa, akaenda kazini, akarudi jioni na kupakia mizigo. Mama alipomwambia, “Baba watoto, tulale kwanza, tuondoke kesho,” alijibu kwamba kesho watoto wangekuta uwanja mtupu. Saa 2 usiku wakaingia barabarani.

Wakapita Colorado Springs, wakapita Pueblo. Watoto walikuwa wamelala. Kabla ya mji mdogo wa Trinidad, gari lilihama taratibu likakanyaga vijimtaro vilivyochongwa pembeni ya lami. Mngurumo ukawaamsha wote, akiwamo dereva.

“Mwanangu, simama,” bibi alisema.

“Mama, zimebaki saa nne tu.”

“Ndiyo maana nasema simama. Barabara haihami.”

Mbele yao kulikuwa na mlima wa Raton, ambako barabara hupanda hadi mita 2,388 kwenye mpaka wa Colorado na New Mexico. Baba alitafuta nyumba ya wageni pale Trinidad. Alilala bila kuvua viatu.

Usingizi haujui uzoefu

Saa ile alikuwa amekaa macho zaidi ya saa 18. Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), mtu aliyekaa macho saa 17 huathirika kama mwenye pombe kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, ni sawa na asilimia 0.10, ilhali kikomo kwa dereva katika majimbo mengi ya nchi hiyo ni asilimia 0.08. Baba huyu hakuwa amegusa pombe, lakini angefika getini akiwa katika hali ambayo, kama ingetokana na bia, asingekubali mtu mwingine awaendeshe wanawe.

Ubongo uliochoka hujizima kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa hupita zaidi ya mita 120 kwa sekunde nne, urefu unaozidi uwanja wa mpira. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio au kutafuna karanga hakuondoi usingizi. Kahawa husaidia kwa muda, na huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Dawa ya usingizi ni kulala.

Uwanjani

Walifika Jumamosi mchana. Jioni waliona maputo yakisimama bila kupaa, marubani wakiwasha moto kwa pamoja na vitambaa vikang’aa gizani kama taa za chemli. Mtoto mdogo aliziba masikio, maana moto ule hunguruma. Yule wa miaka tisa aliuliza mara tatu kama kesho yatapaa.

Jumapili saa 11:30 alfajiri walikuwa uwanjani, wamevaa makoti na kofia, mikononi wana mikate ya chapati iliyoviringishwa mayai na pilipili ya kijani, chakula maarufu cha huko. Wasimamizi waliovaa mistari meusi na meupe, ambao huitwa pundamilia, walikuwa wanazunguka. Ilipepea bendera ya njano, maana yake subirini. Ikifuatiwa na ya kijani, maputo huondoka. Saa 2 asubuhi ikapandishwa nyekundu. Upepo ulikuwa mkali na hakuna aliyeruka.

Mtoto alilia. Baba alichuchumaa na kumwonyesha rubani aliyekuwa anakunja puto lake. “Yule amesafiri kutoka mbali, na ameamka usiku kuliko sisi. Lakini upepo umemwambia hapana.”

Mtoto akafuta machozi. “Kama bibi alivyokuambia wewe?”

Baba hakujibu haraka. Bibi aliangalia pembeni.

Mchana huo walirudi Denver. Mama aliendesha saa mbili za kwanza, baba akapokea, wakawa wanabadilishana. Walifika usiku, watoto wakiwa hawajaona hata puto moja likiwa angani.

Kabla ya kuwasha gari

Safari ya mwisho wa wiki yenye watoto ni raha, na mzazi anaweza kuilinda kwa mambo machache.

Panga kufika siku moja kabla ya tukio, na ubakize asubuhi nyingine ya akiba. Tamasha la maputo linategemea hali ya hewa, hivyo waambie watoto mapema kwamba huenda yasipae.

Dereva alale saa saba au zaidi usiku wa kuamkia safari. Simameni kila baada ya saa mbili. Usingizi ukimshika, aegeshe mahali salama alale dakika 20, na ukiendelea, safari iishie hapo kwa siku hiyo. Watoto wafungwe kwenye viti vyao hata wakiwa wamelala.

Kwenye miinuko yenye hewa kavu, wape maji mara kwa mara na uwakinge na jua hata kama kuna baridi. Wanaotaka kupanda puto wajue kuwa wajawazito hushauriwa wasipande, kwa sababu kikapu huweza kutua kwa kishindo, na kampuni nyingi hazichukui watoto wadogo.

Kisha mkubaliane nani ndani ya gari ana haki ya kusema “simama”. Desemba ikikaribia, magari mengi yataondoka Dar es Salaam usiku kuelekea Moshi, Mbeya na Bukoba, yakiendeshwa na akina baba waliotoka kazini jioni hiyo hiyo. Haki hiyo apewe hata bibi asiyejua kuendesha, na akiitumia, dereva asimame bila kubishana.