Maji Yanayoanguka Gizani

Yapo maporomoko ya maji ambayo humlaki mgeni kwa mbali, yakaonekana yakimeremeta hata kabla msafiri hajateremka garini. Yale ya Wadi Shab, nchini Oman, si ya aina hiyo. Yamejificha pangoni, ndani ya korongo lililochongwa na maji katika majabali, karibu na Tiwi, kwenye barabara itokayo Muscat kwenda Sur. Anayetaka kuyaona sharti atembee, kisha aogelee, na hatimaye apenye katika ufa mwembamba ambamo kichwa tu ndicho kinachosalia juu ya maji.

Huko ndiko ilikoelekea familia moja ya Muscat, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi: baba, mama, binti wa miaka 11, mdogo wake wa kiume wa miaka 6, na bibi yao mzaa baba. Bibi huyo alizaliwa Unguja. Aliondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964, angali msichana mdogo, akaingia Oman katika miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipokuwa amekwisha kuwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo. Nyumbani mwake Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya msibani. Kiarabu ni cha shule na cha sokoni. Wajukuu humwelewa vyema. Kumjibu ndio mtihani.

Mlangoni mwa korongo, chini ya daraja la barabara kuu, walivushwa kwa mashua ndogo. Mwenye mashua aliitupia jicho milima, akamwambia baba kwa Kiarabu kwamba wasikawie. Baba aliitikia kwa kichwa tu.

Njia ilianzia penye mitende na migomba, ikafuata mfereji wa maji uliojengwa ubavuni mwa jabali. Waomani huuita mfereji wa namna hiyo falaj, nao ni ustadi wa karne nyingi: maji huongozwa kwa mteremko mdogo mno hadi mashambani, pasipo pampu. Bibi alisimama penye migomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakusema lolote, ila alilishika jani moja kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Bibi, hapa panaitwaje kwa Kiswahili?" mvulana aliuliza.

"Korongo, mjukuu wangu."

"Korongo si ndege?"

Bibi alicheka hadi akaketi. Na kwa hakika mtoto hakukosea, kwani neno hilo hubeba yote mawili, bonde lenye kingo kali na ndege mwenye miguu mirefu. Waarabu nao wana ukwasi wao hapo: wadi ni bonde, na ni mto pia, hata siku ambazo halina tone la maji. Jina lenyewe ni onyo. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kufika bondeni kwa kishindo, na hali waliomo wanaota jua. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu nchini humo, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa garini. Kila mzazi wa Oman alizisikia habari hizo.

Baada ya mwendo wa takriban dakika 45 walifika kwenye vidimbwi. Bibi, mama na mvulana walisalia kivulini. Baba na binti waliingia majini. Mwaka mzima binti alikuwa amejifunza kuogelea kwa ajili ya siku hiyo.

Walivuka kidimbwi baada ya kidimbwi, wakikanyaga mawe pale maji yalipopungua, hata wakafika kwenye ufa. Ndani, maji yalisikika yakianguka gizani. Binti alivuta pumzi, akashika jiwe kwa mikono miwili. Ndipo baba aliposikia ngurumo. Ilitoka pangoni ama milimani? Kati ya kuta zile ndefu sauti hazina upande. Alitazama juu: utepe mwembamba wa anga, mweupe, usiosema kitu.

"Turudi," alisema.

"Baba, tumeshafika!"

"Turudi, mwanangu."

Binti hakubisha tena. Aliogelea mbele ya baba yake bila kugeuka, kwa kasi ambayo mwalimu wake angeisifu.

Waliporejea, baba alimuuliza mamaye iwapo alisikia radi. "Nimeona wingu jeusi kule milimani," bibi alijibu. "Masikio yangu, baba, siku hizi si ya kutegemewa." Siku hiyo mafuriko hayakuja. Atakayemlaumu baba kwa hilo na asimame kwanza kwenye ufa ule, akiwa na mtoto.

Njiani binti alinyamaza. Walipoikaribia mashua, bibi alimshika mkono.

"Haya, niambie. Hukuyaona, lakini umeyasikia. Yalikuwaje?"

Binti alianza kwa Kiarabu, bibi akatikisa kichwa. Akatafuta neno muda mrefu.

"Yalikuwa... yanachuruzika."

"Hayo ni ya bomba bovu."

"Yanabubujika?"

"Hiyo ni chemchemi. Tafuta tena."

Mwenye mashua alikuwa akiwangoja, kamba mkononi. Binti alifumba macho.

"Yalikuwa yananguruma, bibi. Ndiyo maana baba aliogopa."

Bibi aliingia mashuani kwanza, akamwachia nafasi ubavuni pake.